Uteuzi wa Retikuli ya Darubini ya Bunduki kwa Uwindaji wa Umbali Unaobadilika: Mfano wa Pori la Akiba la Moyowosi

Makala haya yanafafanua vigezo vya kuchagua retikuli, yaani mistari na alama za kulengea zilizomo ndani ya darubini ya bunduki, pale ambapo umbali wa mnyama haujulikani mapema. Mfano unaotumika ni Pori la Akiba la Moyowosi, mkoani Kigoma. Msafiri atokaye Mabamba, karibu na mpaka wa Burundi, huziacha nyanda za juu za Kibondo na kushuka upande wa mashariki hadi bonde la Malagarasi na Moyowosi, ardhioevu iliyoingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000.

Mazingira ya bonde hilo ni ya namna mbili. Katika miombo, nyati huweza kuonekana akiwa hatua chache tu kutoka kwa mwindaji. Kwenye mbuga za mafuriko na kingo za mafunjo, nyamera au nzohe huonekana akiwa mbali, mara nyingi katika mwanga hafifu wa alfajiri au jioni.

Kwa miombo, retikuli inayofaa ni ile yenye mistari minene pembeni inayokuwa myembamba katikati. Mistari minene huliongoza jicho haraka hata kivulini, na nukta ndogo yenye mwanga huongeza uhakika. Alama nyingi hapa huchelewesha uamuzi.

Kwa mbuga, alama za ziada chini ya kitovu humsaidia mwindaji kufidia mshuko wa risasi. Kipimo kinachotumika sana ni mili, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya umbali: mili moja ni sentimita 10 kwa mita 100, na sentimita 25 kwa mita 250.

Hatari ipo katika ukuzaji. Retikuli iliyowekwa nyuma ya lenzi za ukuzaji haibadiliki ukubwa machoni. Kwa kawaida alama zake huwa sahihi kwenye ukuzaji wa juu kabisa. Ukuzaji ukipunguzwa kutoka 10 hadi 5, alama ya mili moja huwa mili mbili. Kwa mita 250, risasi hupita sentimita 25 juu ya mahali palipokusudiwa. Retikuli iliyo mbele ya lenzi hizo hubaki sahihi kwa ukuzaji wowote, lakini mistari yake huwa myembamba mno ukuzaji unapopunguzwa, yaani pale pale inapohitajika miomboni.

Kosa hilo si dogo. Nzohe aliyejeruhiwa hupotelea mafunjoni na kufa kwa mateso; nyati aliyejeruhiwa huhatarisha maisha ya mwindaji na ya mfuata nyayo anayemtangulia.

Kwa hiyo, Moyowosi hufaa zaidi retikuli nyepesi kusomeka, yenye kitovu dhahiri na alama mbili au tatu za chini, ambazo mwindaji amezijaribu uwanjani kwa risasi zile zile atakazotumia. Pale ambapo umbali unazidi alama alizozihakiki, wajibu wake ni kumsogelea mnyama au kuacha kufyatua.