Kukimbia na Kupiga Mbio: Kitenzi Kimoja cha Kiingereza Mbele ya Mfasiri

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza ambavyo mtoto wa shule nchini Kenya hufundishwa mapema kabisa ni "run". Huambiwa kwamba maana yake ni kimbia, naye huandika hivyo daftarini na kuendelea na neno jingine. Miaka michache baadaye hugundua kwamba Waingereza hulitumia neno hilo hilo kwa mto, kwa pua yenye mafua, kwa duka, kwa mashine, kwa rangi ya kitambaa, kwa mtu anayetaka ubunge na hata kwa sukari iliyokwisha koponi. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya katika karne hii, hesabu ya maana zake kama kitenzi ilipita 600, likalipiku neno "set" ambalo kwa muda mrefu ndilo lililokuwa likiongoza.

Wingi huo wa maana hutisha, lakini si hapo penye hatari. Kiswahili kina kitenzi chake kwa kila jambo kati ya hayo. Mto hutiririka au hupita mahali fulani, kamasi huchuruzika, duka huendeshwa, saa huenda, kanga isiyo imara huchuja, mtu huishiwa na sukari. Mfasiri akiandika "mto unakimbia", msomaji hustuka na kosa hurekebishwa siku hiyo hiyo. Hatari imo pale ambapo kimbia huonekana kufaa kabisa, na kwa hiyo hakuna anayestuka.

Yafaa kwanza lichunguzwe neno kimbia lenyewe. Mtu akisema "Juma anakimbia duka", hasemi kwamba Juma ni mwenye duka wala msimamizi wake. Asema kwamba Juma analikwepa duka hilo, pengine kwa sababu ya deni. Vivyo hivyo watu hukimbia njaa, hukimbia vita, hukimbia majukumu. Yambwa ya kitenzi hiki ni kile kinachoachwa nyuma. Ushahidi ulio wazi zaidi ni hali ya kutendwa: mwanamume aliyekimbiwa na mkewe ni mwanamume aliyeachwa, hata kama mke huyo aliondoka polepole, kwa basi, na masanduku yake yote. Miguu haimo katika maana hiyo. Kilichomo ni kujitenga na jambo lisilovumilika.

Minyambuliko yake nayo yathibitisha hivyo. Kukimbilia kwa mtu ni kutafuta hifadhi kwake, na mahali pa hifadhi ni kimbilio. Methali isemayo "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake" haina maana kwamba kunguru anaufukuza ubawa, bali kwamba anauondoa hatarini. Kwa maana hiyo hiyo mgonjwa hukimbizwa hospitalini. Ni kweli kwamba kukimbiza kuna maana ya kufukuza pia, na huko Tanzania kumepata maana ya tatu, kwani Mwenge wa Uhuru, uliowashwa juu ya Mlima Kilimanjaro mwaka 1961, hukimbizwa nchi nzima pasipo kufukuzwa na mtu wala kuokolewa na hatari yoyote.

Ikiwa kimbia ni neno la kuepa, neno la kasi ni lipi? Ni mbio, ambalo ni nomino na huhitaji kitenzi cha kulibeba: kwenda mbio, kupiga mbio, kutimua mbio, kutoka mbio. Wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyochapishwa mwaka 1952, waliizingatia tofauti hiyo. Katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 9, wale wanaoshindania tuzo hupiga mbio, hawakimbii. Ilhali ile miji ya Agano la Kale ambamo mtu aliyeua bila kukusudia aliweza kuokoa maisha yake iliitwa miji ya makimbilio. Kitenzi kimoja cha Kiingereza kingetosha kwa mambo yote mawili. Kiswahili hakikukubali.

Kando ya hayo mawili kuna maneno mengine ambayo kwa kawaida huitwa visawe, ingawa visawe kamili ni vichache katika lugha yoyote. Kutoroka kwahitaji kifungo cha namna fulani: mfungwa hutoroka gerezani, mwanafunzi mtoro hutoroka shuleni, lakini mtu aliyeikimbia nyumba inayoungua hakutoroka. Kutimka ni kuondoka ghafula kwa kasi, na mara nyingi huwa ni kwa kundi, kama watoto walioona nyuki. Hata hivyo waandishi wa michezo wa Kenya wamelichukua neno hilo na kuwaita wanariadha watimkaji. Kukurupuka ni ule mwanzo wenyewe, wa mtu au mnyama aliyeshtuliwa. Kuchapua miguu si mbio bado. Punda ana telki, farasi ana shoti. Kuhepa, neno lipendwalo sana na vijana wa Nairobi, lina hila ndani yake, maana aliyehepa hakutaka kuonekana.

Tofauti hizi zaweza kuonekana kuwa ni anasa ya wanaisimu mpaka zifikishwe mahakamani. Kwa sheria ya Kenya, lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ile ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 humpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Basi na ichukuliwe kesi ya kubuni ya ajali ya barabarani. Shahidi asema, "Dereva alikuwa anakimbia." Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya maana ya kwanza ya sentensi hiyo ni kwamba gari lilikwenda kwa kasi mno. Lakini yaweza pia kuwa dereva alikuwa akiondoka baada ya kugonga, au kwamba alishuka na kupiga mbio kwa miguu. Sheria ya trafiki humlazimisha dereva aliyehusika katika ajali kusimama. Kwa hiyo maana ya kwanza yahusu namna ya kuendesha gari, na ya pili yahusu kosa jingine kabisa. Mkalimani akitoa "run" peke yake, huenda Kiingereza kisieleweke. Akichagua moja kati ya hizo tatu bila kumuuliza shahidi, ameshaongeza ushahidi ambao haukutolewa.

Upande wa pili ni mgumu vile vile. Kiingereza kikisema tu kwamba mtu alitoka dukani kwa kasi, nacho kifasiriwe kuwa "alikimbia kutoka dukani", msikilizaji wa Kiswahili hupokea zaidi ya kasi. Hupokea hofu, na pengine hatia. "Alitoka dukani mbio" ingemtendea haki mtu huyo zaidi. Kutoroka kungekuwa kumhukumu.

Katika siasa mambo ni mepesi zaidi, nayo yafurahisha. Mwingereza huona uchaguzi kama mashindano ya mbio, Mswahili huuona kama ugomvi wa kugombea kitu kimoja. Ndiyo maana anayesimama pamoja na mgombea urais wa Kenya huitwa mgombea mwenza. Hata hivyo magazeti yamekwisha kuzizoea "mbio za Ikulu", na msemo huo haudhuru, kwa kuwa umetumia mbio, si kukimbia.

Uwanja wa michezo ndio uliobadilisha matumizi zaidi. Mtangazaji wa leo husema kwamba fulani "amekimbia mita 1500", na hakuna anayefikiri kwamba mita hizo zimekwepwa. Yambwa imegeuka: zamani ilikuwa kinachoachwa, sasa yaweza kuwa kinachopitiwa. Hapana haja ya kuyapinga matumizi hayo, kwani yamekwisha kukomaa. Lakini lugha yenyewe imejilinda kwa kutenga watendaji wawili. Mkimbizi amejengwa kwa kiambishi -i, na ile /l/ iliyopotea katika kimbia, ambayo husikika bado katika kimbilia, imegeuka kuwa /z/, kama ilivyo katika mlezi kutokana na lea na mtetezi kutokana na tetea. Mkimbiaji amejengwa kwa -ji, njia ile ile iliyozaa mchezaji na msomaji, naye hakuepa chochote. Katika michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilikuwa na wanariadha kumi. Watano kati yao walikuwa wazaliwa wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma na kufanya mazoezi Ngong chini ya Tegla Loroupe. Hao walikuwa wakimbizi na wakimbiaji kwa pamoja, na habari yao haiwezi kuandikwa kwa Kiswahili bila maneno yote mawili.