Hapana, Watson Hakupunguziwa Mshahara

"Shikamoo mjomba. Browns wamepanga upya mkataba wa Watson. Hatimaye jamaa kaona aibu, kakubali kukatwa." Huyo ni mpwa wangu aliyeko Columbus, Ohio, Machi 2025. Agosti 2024 aliniandikia hivyohivyo. Machi 2023 pia. Marahaba, mpwa wangu. Mara zote tatu hakukatwa hata senti moja.

Si yeye peke yake. Tangu nianze kusoma mikataba ya wanamichezo kwa riziki, hakuna swali ninaloulizwa kama hili: mchezaji aliyeitia klabu yake hasara "amepunguziwa" kiasi gani? Nalijibu leo kwa kirefu ili nisilijibu tena. Sheria za kandanda ya Kimarekani sitazieleza. Anayejua kwamba kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi anajua ya kutosha.

Machi 2022 Cleveland Browns, klabu ya NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, walimchukua kwotabeki Deshaun Watson kutoka Houston Texans. Walitoa zamu zao 3 za raundi ya kwanza za kuchagua chipukizi kutoka vyuoni, za 2022, 2023 na 2024, na zamu nyingine za raundi za chini juu yake. Halafu wakampa mkataba mpya wa miaka 5, dola milioni 230, zote za uhakika. Wakati huo wanawake zaidi ya 20, wengi wao wakandaji wa misuli, walikuwa wamemfungulia mashauri ya madai wakimtuhumu udhalilishaji wa kingono alipowaita kumkanda. Alikana. Majopo mawili ya raia huko Texas, yale yanayoamua kama mtu ashtakiwe, hayakumfungulia mashtaka ya jinai. Jaji mstaafu Sue Robinson, aliyesikiliza shauri la nidhamu la ligi, aliona amevunja kanuni, akamfungia mechi 6. Ligi ikakata rufaa ikitaka zaidi, na Agosti 2022 yakafikiwa makubaliano: mechi 11 na faini ya dola milioni 5.

Tazama basi jinsi mwaka huo wa kwanza ulivyoandikwa. Mchezaji anapofungiwa, kinachokatwa ni mshahara wa msimu, wiki kwa wiki. Bonasi ya kusaini kwa kawaida haiguswi. Mshahara wa Watson wa 2022 uliandikwa dola milioni 1.035 tu, na bonasi ikaandikwa milioni 44.965. Jumla milioni 46. Kwa mechi 11 za adhabu alipoteza dola 632,500. Watu wa Cleveland walipopiga hesabu hiyo walikasirika, na mimi siwezi kuwaambia walikosea. Watetezi wa klabu husema mikataba mingi ya ligi hiyo huanza na mshahara mdogo. Ni kweli. Ila huyu alisainiwa kila mtu akijua kwamba adhabu iko njiani.

Sasa tufike kwenye uganga wenyewe, huu wa "kupanga upya".

Kila klabu ya NFL ina madaftari mawili. La kwanza ni pochi ya mwenye timu: pesa taslimu zinazotoka na siku zinapotoka. La pili ni daftari la ligi, lenye kikomo cha mishahara ambacho hakuna klabu inayoruhusiwa kukivuka. Mwaka 2022 kikomo kilikuwa dola milioni 208.2, 2025 kilifika milioni 279.2. Mshahara wa msimu huandikwa wote katika daftari la ligi mwaka uleule unaolipwa. Bonasi haiko hivyo. Bonasi hutoka pochini mapema, lakini kwenye daftari la ligi hugawanywa sawasawa kwa miaka iliyobaki ya mkataba, isiyozidi 5.

Uganga wote umo humo. Klabu inachukua mshahara wa mwaka, inaubatiza jina la bonasi, kisha inauandika kidogokidogo kwa miaka 5. Miaka ya mkataba isipotosha, inaongezewa mingine ya mwishoni ambayo kila upande unajua mchezaji hatakuwepo. Tanzania tulikuwa na wafanyakazi hewa. Hii ni miaka hewa. Ipo kwenye karatasi tu, kwa kazi moja ya kubeba deni.

Twende kwa tarakimu, kwa sababu maneno yameshindwa kumshawishi mpwa wangu. Mwaka 2022 Watson aliandikwa kwenye daftari la ligi kwa kama milioni 10. Mwaka 2023 alipaswa kuandikwa karibu milioni 55: mshahara wa 46, na kipande cha karibu 9 cha bonasi ya kwanza. Machi 2023 klabu ikageuza karibu milioni 45 za mshahara kuwa bonasi, na namba ya daftari ikashuka hadi 19. Magazeti yakaandika kwamba Browns "wameokoa" milioni 36. Wameokoa nini? Watson alipata milioni 46 zilezile, sehemu kubwa yake mapema kuliko ambavyo angezipata kwa mafungu ya wiki. Zile 36 zilihamishiwa miaka ya mbele, milioni 9 kila mwaka hadi mwaka hewa wa 2027.

Kwa hiyo 2024 mzigo wake ukapanda hadi karibu 64, maana vipande vya zamani vilikuwa vinasubiri. Agosti wakafanya tena, ikashuka hadi 28. Mwaka 2025 ukaamkia karibu 73. Machi wakafanya mara ya tatu, ikashuka hadi kama 36, na mwaka 2026 ukaachiwa zaidi ya milioni 80. Zisome namba hizo kwa mpangilio wake: 10, 55, 64, 73, 80 na ushee. Mtu aliyepunguziwa mshahara hapandi ngazi namna hiyo. Hili ni daftari la mkopo dukani kwa Mangi: kila mwisho wa mwezi mteja anaomba ukurasa mpya, anatoka kifua mbele kwamba amemaliza, na Mangi anatabasamu kwa sababu kurasa za nyuma anazo. Tofauti ni kwamba daftari la ligi halina riba. Wala halina msamaha.

Hapo wajuaji huniruka: "Basi kikomo ni geresha, klabu yenye akili haibanwi." Hilo nalo nimelichoka, ingawa lina nusu ya ukweli. Kikomo kinakua karibu kila mwaka, kwa hiyo dola ya deni la leo itakuwa nyepesi kidogo kesho. Philadelphia Eagles hutumia miaka hewa kwa wingi, na Februari 2025 walitwaa Super Bowl, taji la ligi. Kukopa kwa ajili ya mchezaji anayecheza vizuri ni biashara halali, kama kununua bodaboda ya mkopo inayozunguka kutwa. Lakini bodaboda ya Cleveland ilikuwa gereji. Mwaka 2022 Watson alicheza mechi 6 baada ya adhabu. Mwaka 2023 mechi 6, kisha mfupa wa bega la kulia ukavunjika, na mkongwe Joe Flacco ndiye aliyewafikisha mtoano. Mwaka 2024 mechi 7, klabu ikashinda 1 tu kati ya hizo, kisha Oktoba 20 kano ya kisigino ikakatika. Januari 2025 ikakatika tena. Mechi 19 kwa misimu mitatu: ushindi 9, vipigo 10. Kwa misimu hiyo mkataba ulimpangia dola milioni 138, kabla ya makato ya adhabu na faini. Gawanya mwenyewe.

Wengine huuliza kwa nini mkataba huu usivunjwe kama mingine, kwani si tunasikia kila mwaka nyota wa NFL wakitemwa katikati ya mikataba ya mamia ya mamilioni? Kwa sababu mikataba hiyo mingi si ya uhakika. Patrick Mahomes wa Kansas City alisaini 2020 kwa miaka 10 na dola milioni 450, vichwa vya habari vikapasuka; zilizokuwa za uhakika siku ya kusaini zilikuwa 63. Browns walitoa uhakika wa zote 230 kwa sababu Watson, aliyekuwa na haki ya kukataa kuhamishwa, alikuwa ameshawaondoa kwenye orodha yake. Waliirudisha bahati kwa pesa. Wamiliki wenzao hawakufurahi, na hawakufuata: Lamar Jackson wa Baltimore, akijisimamia bila wakala, alikubaliana Aprili 2023 kwa milioni 260, lakini za uhakika zikiwa 185.

Haya, wangefanya nini? Kumtema Machi 2025: mishahara ya uhakika iliyobaki, milioni 92, na vipande vyote vya bonasi ambavyo havijaandikwa vingeanguka kwenye daftari, zaidi ya milioni 172 kati ya kikomo cha 279.2. Ligi inaruhusu kugawa maumivu hayo kwa miaka miwili, lakini maumivu ni yaleyale. Denver Broncos waliwahi kumeza milioni 85 za Russell Wilson kwa njia hiyo, na hiyo ni nusu ya hii. Kumuuza, kama tunavyosema kwenye soka: NFL haina ada ya uhamisho, vipande vya bonasi hubaki kwa klabu ya zamani, na anayemchukua anabeba mshahara wa 46. Mteja yuko wapi? Kumwomba apunguze: hana sababu, na asingelaumiwa kwa kukataa kilichosainiwa. Kumwomba astaafu: aache pesa za uhakika kwa hisani ya nani? Bima ya majeraha ipo na husaidia, ila haifuti mkataba. Kumng'ang'ania na kusogeza deni ndiyo njia waliyochagua. Kulipa kidogokidogo bila kusogeza, mapema, timu ikiwa bado nzuri, ndiyo niliyoipenda mimi, na ndiyo ambayo hakuna meneja anayetaka kubaki kazini anayeichagua. Dawa ya deni kulipa.

Mwenye klabu, Jimmy Haslam, alikiri hadharani Machi 2025 kwamba kwa Watson walirusha pigo kubwa wakakosa, na kwamba uamuzi ulikuwa wa klabu nzima, ukiishia kwake. Nampa heshima kwa hilo. Anadaiwa pia jibu kwa wale wanawake, na hilo halimo katika daftari lolote ninalojua kulisoma.

Mpwa wangu, ukiona tena kwamba mkataba wa mtu umepangwa upya, usinitumie pongezi. Nitumie mwaka ambao deni limesogezwa, tukae tuhesabu. Wa Watson unaisha 2026. Vipande vya bonasi, kwa mpangilio wa Machi 2025, viliandikwa hadi 2029.