Maltipo Sklerosisi: Maradhi Yanayokuja na Kuondoka

Maltipo sklerosisi ni maradhi ya ubongo na uti wa mgongo ambayo kwa kawaida huanza mtu akiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40, ambao ndio umri wa kusoma, kulea na kuchuma, na huwapata wanawake angalau mara mbili zaidi ya wanaume.

Jina hilo lina maana ya makovu mengi. Mishipa ya fahamu hufunikwa na utando wa mafuta uitwao mayelini, ambao huikinga kama mpira unavyoukinga waya wa umeme na kuharakisha taarifa zitokazo ubongoni. Katika maradhi haya kinga ya mwili, iliyowekwa kupambana na vijidudu, huugeukia utando huo na kuuchubua, na palipochubuka hubaki kovu gumu. Makovu hayo ndiyo ambayo daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, aliyahusisha na dalili za wagonjwa wake mwaka 1868.

Kwa kuwa kovu laweza kutokea mahali popote, dalili hazifanani: huyu huona ukungu katika jicho moja, yule hufa ganzi miguuni, na mwingine hupepesuka, hushindwa kuzuia mkojo au huelemewa na uchovu usioondolewa na usingizi. Kwa wengi dalili hudumu siku au wiki kadhaa kisha hupungua, na hapo ndipo hatari ilipo, maana mgonjwa hujiona amepona na jamaa humdhania alijisingizia au alirogwa, ilhali ndani makovu yanaongezeka.

Maradhi haya hayaambukizi. Huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, kama zile za Ulaya ya kaskazini, kuliko Afrika Mashariki. Lakini uchache huo wenyewe ni sababu ya kuwa macho, kwa kuwa ugonjwa usiotarajiwa huitwa upesi kwa jina la mwingine, hasa pale ambapo kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ubongo na kuyaonyesha makovu, kiko mbali au ni ghali.

Dawa ya kuyaponya kabisa haijapatikana, ila tangu mwaka 1993, interferoni beta ilipoidhinishwa nchini Marekani, zimepatikana dawa za kupunguza mashambulizi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kati yake katika orodha ya dawa muhimu. Dawa hizo huzuia makovu mapya kuliko zinavyofuta ya zamani, na kwa hiyo kila mwezi wa kuchelewa una gharama yake mwilini.

Siku ya maradhi haya duniani huadhimishwa kila Mei 30. Jambo la kukumbukwa mwaka mzima ni kwamba mtu aliyepatwa na ganzi, udhaifu au kufifia kwa jicho kwa zaidi ya siku moja anapaswa kumwona daktari na kumsimulia pia dalili za zamani, hata zile zilizokwisha zenyewe, kwa kuwa huenda hizo ndizo zitakazoufichua ugonjwa.