Mti wa ukoo mtandaoni: Hifadhi majina ya wazee, linda taarifa za walio hai

Na Mwandishi Wetu, Masasi

Mtoto anayezaliwa leo katika Hospitali ya Mkomaindo, mjini Masasi, hupatiwa tangazo la kizazi, ambalo wazazi hulitumia kuomba cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na majina ya wazazi wake huingia katika kumbukumbu za Serikali. Bibi wa mtoto huyo, endapo alizaliwa nyumbani katika kijiji cha Masasi au Newala miaka ya 1940, huenda hana karatasi yoyote ya aina hiyo. Jina la mama yake, ukoo wake na mahali alipozaliwa anavijua yeye mwenyewe na wazee wachache wa rika lake.

Kwa sababu hiyo, kazi ambayo vijana wengi wameianza kwa kutumia simu zao, ya kukusanya picha za familia na kujenga mti wa ukoo mtandaoni, ina manufaa makubwa. Hata hivyo, kazi hiyo ina utaratibu wake. Ikifanywa bila uangalifu inaweza kupotosha nasaba ya familia, au kumpa tapeli taarifa anazozihitaji.

Anzeni kwa upande wa mama

Nyaraka nyingi za kiofisi nchini humtambua mtu kwa majina matatu: jina lake, la baba na la babu. Utaratibu huo hufuata upande wa baba. Kwa desturi za Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ni wenyeji wa Masasi na Newala, ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ana nafasi kubwa katika malezi na maamuzi ya familia. Wamakonde huuita ukoo huo litawa, na Wamakua huuita nihimo.

Maana yake ni kwamba mtu anayejenga mti wa ukoo kwa kufuata majina yaliyo katika vyeti peke yake atauacha nje ukoo wenyewe. Inashauriwa kuanza na mama, kisha mama wa mama na ndugu zake wote, na kuandika jina la ukoo kando ya jina la kila mtu. Upande wa baba ufuatwe vilevile, ili mti uwe kamili.

Yapo mambo matatu ya kuzingatia wakati wa kuwahoji wazee. La kwanza ni majina. Mzee mmoja anaweza kuwa na jina la utotoni, jina alilopewa baada ya jando au unyago, na jina la dini alilolipata kwa ubatizo au kwa kuingia katika Uislamu. Asiyelijua hilo humwandika mtu mmoja kama watu wawili au watatu. Andikeni majina yote katika nafasi ya mtu mmoja.

La pili ni maneno ya undugu. Bibi anaposema "mama yangu", huenda anamtaja mama mkubwa au mama mdogo aliyemlea. Kaka anayetajwa huenda ni mtoto wa mama mdogo. Programu nyingi za mti wa ukoo zimetengenezwa ughaibuni na hazitofautishi mama mdogo na shangazi, wala mjomba na baba mdogo. Ulizeni kwa heshima: aliyekuzaa ni nani, na aliyemzaa yeye ni nani?

La tatu ni mahali. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, familia nyingi zilihamishwa kutoka makazi yao ya awali, na makaburi ya wazee yakabaki katika mahame. Wengine walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na hawakurejea, na wapo wenye ndugu ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji. Andikeni jina la zamani la mahali pamoja na jina la kijiji cha sasa.

Picha isiyo na jina

Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Masasi na Newala. Alipiga picha nyingi za wenyeji na kurekodi nyimbo kwa santuri za nta. Sehemu ya picha hizo ilichapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1908. Katika picha nyingi za watafiti wa zama hizo, mtu aliyepigwa hutajwa kwa kabila lake tu. Sura yake inaonekana, lakini jina lake halikuandikwa, na baada ya zaidi ya miaka 100 ni vigumu sana kwa wajukuu zake kumtambua.

Jambo hilo linaendelea katika nyumba zetu. Picha ya harusi ya miaka ya 1970 iliyo ukutani, au iliyofungwa katika sanduku, ina watu ambao ni bibi mmoja tu anayeweza kuwataja. Wananchi wanashauriwa kumwonesha mzee kila picha, kumrekodi kwa sauti akiwataja waliomo kuanzia kushoto kwenda kulia, na kuyaandika majina hayo siku hiyohiyo.

Picha ya karatasi ipigwe kwa simu karibu na dirisha, ikiwa imelazwa mahali tambarare, bila kuwasha taa ya kamera. Upande wa nyuma nao upigwe, kwa kuwa mara nyingi una tarehe au muhuri wa studio. Nakala zihifadhiwe sehemu mbili tofauti, maana simu hupotea na huharibika. Picha halisi isitupwe.

Kumbukumbu zilizopo

Zipo familia ambazo simulizi za wazee hukatika ghafla. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, na baadhi yao wakaanzisha makazi Masasi. Walitoka katika koo mbalimbali za bara na walikuwa wametenganishwa na ndugu zao. Mwaka 1882 makazi hayo yalishambuliwa, na misheni ikahamishia kituo chake Newala kwa kipindi fulani.

Kwa familia za aina hiyo, vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa ni chanzo muhimu. Nyaraka za UMCA zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford, nchini Uingereza. Hapa nchini, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inatunza nyaraka za tawala za Wajerumani na Waingereza, na ina utaratibu wa kuwahudumia watafiti na wananchi. Ikumbukwe kuwa habari za utumwa bado ni nyeti katika baadhi ya familia. Zisitangazwe mtandaoni kabla ya wanafamilia kukubaliana.

Walio hai walindwe

Waliofariki wanaweza kuandikwa kwa kirefu, lakini walio hai wanahitaji tahadhari. Mti wa ukoo ulio wazi humwonesha kila mtu jina la mama yako, tarehe yako ya kuzaliwa na jina la mjomba wako. Hayo ndiyo maswali ambayo baadhi ya taasisi humuuliza mteja ili kumtambua. Tapeli aliyeyasoma anaweza kumpigia bibi kijijini, akawataja wajukuu kwa majina, kisha akaomba atumiwe fedha haraka kwa kuwa "mtoto amelazwa".

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazitambua taarifa za watoto na za vinasaba miongoni mwa taarifa binafsi nyeti. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayopokea malalamiko ya mwananchi anayeona kuwa taarifa zake zimetumika kinyume cha sheria.

Ili kuepuka madhara, wananchi wanashauriwa:

1. Kuchagua tovuti inayoficha taarifa za watu walio hai, na kuhakikisha kuwa mpangilio huo umewashwa.

2. Kuomba ridhaa ya mhusika kabla ya kuweka picha yake, na ya mzazi au mlezi ikiwa ni mtoto.

3. Kutoweka mtandaoni picha za vyeti, vitambulisho vya Taifa, hati za mashamba au namba za simu.

4. Kuzima huduma ya mahali katika kamera, kwa kuwa picha inaweza kubeba taarifa za mahali ilipopigwa.

5. Kupakua nakala ya mti mzima mara kwa mara, ili kazi isipotee endapo tovuti itafungwa.

6. Kutuma namba ya tapeli kwenda 15040, na kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwa kupiga *106#.

Mti wa ukoo na haki za kisheria

Mti wa ukoo uliojengwa mtandaoni hauchukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa au cha kifo, wala haumpi mtu haki ya kusimamia mirathi. Shamba la mikorosho lililoachwa na marehemu haligawanywi kwa sababu jina la mtu limeonekana katika mti huo. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama. Mti ulioandaliwa vizuri unaweza tu kusaidia kikao cha ukoo kukumbuka warithi wote, wakiwemo walioondoka kijijini zamani.

Vyeti vinaweza kuombwa hata kwa waliochelewa kusajiliwa. Simulizi za wazee hazina ofisi ya kuziomba. Familia ambayo bado ina bibi au babu anayekumbuka imwendee sasa, ikiwa na daftari, simu yenye chaji na muda wa kutosha wa kumsikiliza.