Begi la Mlimani Lipimwe kwa Mgongo wa Mbebaji

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo mkazi wa Kitisuru, Nairobi, anayetafuta begi la mzigo mzito hana nyama ya nyati ya kushusha kutoka msituni. Mzigo wake ni hema, gesi, maji na chakula cha siku kadhaa za Mlima Kenya. Hata hivyo, mabegi yanayoifaa sana kazi hiyo yanafanana na yale ya wawindaji wa Marekani, ambao hubeba paja zima la mnyama mahali pasipo na barabara.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza ni lita ngapi. Swali hilo lingoje. Mfuko unahifadhi vitu tu. Kinachobeba ni fremu na mkanda wa nyonga. Fremu ngumu, mara nyingi ya alumini, huteremsha uzito mpaka kwenye mifupa ya nyonga, na kutoka hapo miguu inaupokea. Bila fremu, kilo nyingi huning'inia mabegani. Mikanda ya mabega hubana neva zinazopita kati ya shingo na kwapa, mkono hufa ganzi, na wapo wanajeshi waliopoteza nguvu za mkono kwa muda mrefu kwa sababu hiyo.

Ipo njia nyingine ya kuuepusha mzigo na mabega: wanawake wa Kikuyu walibeba kuni na maji kwa mukwa, ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, mzigo ukiegemea mgongo. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba wanawake hao, pamoja na wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani, waliweza kubeba hadi humusi moja ya uzito wa mwili bila kutumia oksijeni zaidi. Ustadi huo huenda ulitokana na mazoea ya tangu utotoni, na mukwa uliwaachia wengine alama ya kudumu kichwani. Begi halikupi uwezo huo, ila hata kwenye begi kitu kizito kikae karibu na uti wa mgongo, usawa wa mabega, kamwe si kwenye mifuko ya nje.

Sasa vipimo. Inamisha kichwa, tafuta mfupa unaochomoza chini ya shingo, kisha pima kutoka hapo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Huo ndio urefu wa mgongo unaohusika. Kimo chako pekee hakitoshi. Dukani, omba begi litiwe uzito. Nyumbani tumia pakiti 10 za unga za kilo mbili, upande na kushuka miteremko ya Kitisuru. Mkanda ukiteleza kutoka nyongani, rudisha begi.

Kwenye masoko ya Gikomba na Toi kuna mabegi mazuri ya mitumba, lakini geuza begi ndani nje kabla ya kununua. Kama utando wa ndani unanata na kubanduka, kitambaa hakitazuia tena maji. Vuta mikanda kwa nguvu pale iliposhonewa. Mshono fundi ataurudia kwa bei ndogo. Sponji ya mkanda wa nyonga iliyolala haifufuki.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili: begi huchaguliwa kwa mgongo wa mwenyewe, kisha mlimani hubebwa na mpagazi. Kilimanjaro kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, lakini kilo hizo hizo kwenye fremu isiyomtosha zitamwumiza. Ikiwa utaajiri mpagazi, nunua begi ambalo urefu wa mgongo wake unarekebishika. Mkiwa Mlima Kenya, kwenye lango la Sirimon au la Chogoria, kabla ya kuanza safari, mvike likiwa limejaa, rekebisha mikanda mpaka nyonga zichukue uzito, na umwulize panapombana. Akisema mabegani, mpunguzie mzigo kwanza, kisha ndipo muendelee kurekebisha.