Kujifunza Kazi kwa Kuandamana: Mafunzo ya Watumishi wa Chuo Kikuu

Utangulizi

Miongoni mwa njia zinazotumiwa na vyuo vikuu kuwaendeleza watumishi wake, ipo moja isiyohitaji darasa wala mtihani. Mtumishi huiacha meza yake kwa siku kadhaa, akaenda kukaa na mwenzake afanyaye kazi nyingine, au afanyaye kazi ile ile mahali pengine. Humfuata mkutanoni, humtazama akipokea wageni, akijibu barua, akipekua majalada na kukata mashauri. Kwa Kiingereza utaratibu huu huitwa kwa jina la kivuli, kwa kuwa mgeni humfuata mwenyeji wake kama kivuli kinavyomfuata mtu. Madhumuni ya makala haya ni kueleza manufaa ya utaratibu huo, masharti yake, na jinsi jina la kivuli linavyoweza kuupotosha.

Ujuzi usioandikwa

Kila ofisi ina kanuni zake zilizoandikwa, lakini hakuna ofisi iendeshwayo kwa kanuni hizo peke yake. Michael Polanyi, katika kitabu chake The Tacit Dimension cha mwaka 1966, alieleza kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa binadamu haiingiliki kwa urahisi katika maneno. Mwenye ujuzi huo huutumia kila siku bila kuutaja.

Mfano mmoja utatosha. Karani wa mitihani hupokea alama kutoka kwa wahadhiri, huzitia katika orodha, kisha orodha hupelekwa mbele ya bodi ya watahini. Hayo yameandikwa. Lakini karani aliyeizoea kazi yake hujua pia kwamba mwanafunzi aliyebadili kozi huenda jina lake likaonekana katika orodha mbili, au lisionekane katika orodha yoyote. Hujua ni mhadhiri yupi wa muda apaswaye kukumbushwa kabla mkataba wake haujaisha. Akilitazama pengo katika orodha, hutambua kama ni la mtu asiyefanya mtihani au ni la karatasi iliyopotea. Asipokuwapo karani huyo, alama hukosekana, na mwanafunzi aliyemaliza masomo yake akalikosa jina lake siku ya mahafali.

Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 2012 vyuo vikuu vya umma vyenye hati kamili vilikuwa saba. Kufikia mwaka 2013 vyuo vishiriki vingi vilikuwa vimepandishwa daraja, na kila kimoja kikahitaji msajili, mkutubi, mhasibu na makarani wake. Watumishi wa umma nao kwa kawaida hustaafu wakiwa na umri wa miaka 60, umri ulioongezwa kutoka miaka 55 mwaka 2009. Mtu anapostaafu hukabidhi funguo, mihuri na majalada. Yale aliyoyajua bila kuyaandika huondoka nayo.

Mafundi na wanagenzi

Kujifunza kwa kumfuata ajuaye si jambo geni. Ufundi wa majahazi huko Lamu umerithishwa hivyo: mwanagenzi hukaa karibu na fundi, akamshikia ubao, akamletea misumari, huku jicho lake likijifunza kipimo kisichochorwa mahali popote.

Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewachunguza washona nguo wa Liberia katika miaka ya 1970, aliona kwamba wanagenzi hawakuanza kwa kukata kitambaa. Walianza na kazi za mwisho, kama vile kupiga pasi na kushona vifungo, kisha wakarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye kukata. Kwa njia hiyo walilifahamu vazi zima kabla ya kukabidhiwa mkasi, na makosa yao ya mwanzo hayakuharibu mali. Mwaka 1991, katika kitabu Situated Learning, Lave na Etienne Wenger walishikilia kwamba kazi hujifunzwa kwa kuingia polepole katika jamii ya wale waifanyao.

Hata hivyo, mwanagenzi hukaa na fundi wake miaka, ilhali mtumishi wa chuo hukaa siku chache. Chini ya mpango wa Erasmus+, ulioanzishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2014, wahadhiri na watumishi wengine huweza kwenda chuo cha nchi nyingine kwa mafunzo ya namna hii, na muda wa ziara hauzidi miezi miwili. Aghalabu huwa ni juma moja tu. Kwa kuwa muda ni mfupi, yale ambayo mwanagenzi huyaokota kwa kukaa sana hayana budi kupangwa mapema.

Wala si lazima safari iwe ya mbali. Waswahili husema kwamba kivuli cha mvumo hufunika aliye mbali. Chuo kinachowapeleka watu wake ng'ambo kutazama masjala za wenzao, na ilhali karani wa kitivo kimoja hajapata kuingia ofisi ya kitivo cha pili, kimefanana na mti huo.

Suala la jina

Neno kivuli lina upungufu wake. Kivuli hakiulizi wala hakiulizwi, na mwenye kivuli hana haja ya kukijali. Mgeni aketiye pembeni kimya siku tano hurudi na picha ya vitendo tu, bila sababu zake. Kitenzi andama nacho kina hatari ya namna nyingine, kwani kumwandama mtu ni kumfuata, lakini pia ni kumsumbua bila kumpa nafasi. Andamana, chenye kiambishi cha kutendana, ndicho kinachofaa zaidi, maana waandamanao ni wawili na kila mmoja ana wajibu wake. Tena kutokana na mzizi huo huo lugha imepata neno mwandamizi, ambalo leo hutumika kwa mwenye cheo cha juu, mathalani mhadhiri mwandamizi. Mtu hupanda kwa kufuata.

Masharti ya kufanikiwa

La kwanza ni kuchagua wakati. Anayetaka kuifahamu kazi ya mitihani hana budi kuja bodi ya watahini inapokaribia, siyo wakati wa likizo ambapo ofisi imetulia.

La pili ni kwamba mwenyeji aseme sababu za anayoyafanya, na itengwe nusu saa kila jioni kwa maswali. Mgeni naye apewe kazi ndogo ya kujaribu, kama vile kulinganisha orodha mbili, ili naye apate vifungo vyake vya kushona kabla ya mkasi.

La tatu ni amana. Mgeni huona alama za wanafunzi na siri za watumishi, ambazo nchini Kenya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Inafaa afahamishwe mapema yale asiyopaswa kuyanakili. Vile vile mwenyeji ahakikishiwe kwamba mgeni si mkaguzi, wala hakuletwa kuichukua nafasi yake. Mtumishi mwenye hofu hiyo atamwonyesha mgeni kanuni zilizo ukutani, na ujuzi wake halisi ataufungia moyoni.

La nne ni marejeo. Meza ya aliyeondoka iwe na mtu wa kuishika, ama sivyo atarudi kwenye rundo la majalada na kuyasahau aliyojifunza. Akisharudi, aandike taarifa fupi na kuwaeleza wenzake. Mwenyeji naye hufaidika, kwa maana anayelazimika kueleza sababu ya kila tendo hugundua kwamba baadhi ya matendo yake hayana sababu ila mazoea.

Hitimisho

Kujifunza kwa kuandamana hakuhitaji gharama kubwa wala majengo. Kunahitaji mwenyeji aliye tayari kusema, mgeni aliye tayari kuuliza, na wakuu watakaowaachia wote wawili wakati wa kufanya hivyo. Wakati wa kuanza ni pale ambapo mwenye ujuzi angali kazini. Akishakabidhi funguo, hapatakuwa na wa kuandamana naye.