Maua ya China: Kikapu Kinachotaja Majira

Waridi la Athi River halijui majira. Katika mabanda ya nailoni ya kaunti yetu ya Machakos huchanua Januari sawa na Julai, maana soko la ng'ambo hulitaka mwaka mzima. Lakini katika michoro ya jadi ya China, ua lililopangwa hutaja wakati wake.

Mtazame Li Song wa Hangzhou. Alianza kwa useremala, kisha akawa mchoraji wa jumba la wafalme wa ukoo wa Song, mwanzoni mwa miaka ya 1200. Alichora kwenye hariri vikapu vilivyofurika maua. Kikapu chake cha majira ya joto, kilichohifadhiwa Beijing, kina maua ya mkomamanga. Cha majira ya baridi, kilichoko Taipei, kina kamelia. Msusi wa vyondo vya Kikamba angeweza kuufuata kila ufito wa vikapu hivyo kwa kidole.

Wasomi wa China walipenda zaidi mimea minne waliyoiita waungwana: okidi ya masika, mianzi ya majira ya joto, krisanthemu ya vuli, na plamu ichanuayo theluji ikiwa bado chini. Waliichora kwa wino mweusi mtupu, kila mmoja ukisimamia tabia njema. Plamu husifiwa kwa ustahimilivu, mianzi kwa kupinda bila kuvunjika. Nje ya hiyo minne, piyoni huashiria utajiri, na yungiyungi usafi, kwa kuwa hutoka topeni bila doa.

Upangaji nao una adabu zake. Mwaka 1599 msomi Yuan Hongdao aliandika kitabu kuhusu maua ya chombo, akashauri aina mbili au tatu tu, zisirundikane wala zisipangwe mstari kama askari. Wachoraji hufuata mkondo huo: tawi moja hupanda, jingine huinama, na sehemu kubwa ya hariri huachwa wazi.

Mwaka 1723, mwaka wa kwanza wa utawala wa mfalme Yongzheng, Giuseppe Castiglione, mtawa wa Kijesuiti kutoka Milan, alichora chombo chenye mayungiyungi pacha kwenye bua moja pamoja na masuke ya nafaka. Ilikuwa ishara kwamba mbingu zimemkubali mtawala, kwa kuwa shamba limezaa. Ukambani, ambako mvua ya vuli ndiyo huamua kama ghala litajaa, hakuna atakayeuliza masuke yanatafuta nini kati ya maua.